Nani Anaamua? Namna Kampuni na Mashirika Yanavyopanga Miradi Yao

Maneno yaliyotolewa mbele ya viongozi wa familia zilizohama makwao na viongozi wa vijiji vilivyozipokea



 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya silaha. Tumekuja kuzungumza juu ya jambo linaloleta ugomvi kimya kimya kati ya ndugu, nalo ni miradi. Bomba la maji, barabara, shule, ugawaji wa mbegu, mgodi, mtambo wa umeme. Kila mradi unapoingia kijijini unakuja na watu wake, magari yake na karatasi zake. Sisi wananchi tunaona gari na fulana yenye alama. Hatuoni namna kazi yenyewe ilivyopangwa: nani anaamua, nani anatekeleza tu, nani anashika pesa, nani anaweza kusimamisha kazi. Kwa sababu hatuyaoni hayo, tunapeleka malalamiko yetu kwa mtu asiye na uwezo. Asipotujibu, tunasema ametuuza.

Neno letu la leo ni moja. Mpango wa mradi hauanguki kutoka mbinguni. Kuna sababu zinazoufanya uwe hivi na si vile. Kiongozi anayezijua sababu hizo atajua mlango wa kubisha, na atajua wakati gani wa kudai kiti kabla ya mkataba kutiwa sahihi.

SURA TATU ZA MRADI

Kampuni nyingi, na mashirika ya misaada vilevile, hutumia moja ya sura tatu.

Sura ya kwanza ni ya idara. Kampuni imegawanyika: idara ya ujenzi, ya fedha, ya manunuzi, ya wafanyakazi. Mradi hauna mkubwa wake mwenye nguvu. Unapita kutoka idara moja hadi nyingine kama ndoo inayopita mkono kwa mkono. Uzuri wake ni kwamba mafundi wako pamoja, wanafundishana, na ujuzi unabaki ndani ya nyumba. Ubaya wake ni kwamba hakuna mtu mmoja anayejibu kwa kazi yote. Ukiuliza kwa nini bomba halijaisha, watu wa ujenzi watasema mabomba hayajanunuliwa. Watu wa manunuzi watasema pesa haijatoka. Watu wa fedha watasema wa ujenzi hawajaleta karatasi. Kila mmoja anasema kweli, na mama anaendelea kuchota maji ya ziwa.

Sura ya pili ni ya mradi wenye kichwa chake. Hapa mkubwa wa mradi anapewa pesa, watu, magari na mamlaka. Anaweza kuamua leo bila kungoja ofisi kuu. Kazi inakwenda mbio. Lakini mpango huu ni ghali, maana kila mradi unataka mhasibu wake, bohari yake na dereva wake. Tena siku mradi unapofungwa, ofisi nzima inaondoka. Baada ya mwezi mmoja pampu ikiharibika, hakuna wa kumuuliza.

Sura ya tatu ni mchanganyiko. Fundi mmoja ana wakubwa wawili: mkuu wa idara yake na mkubwa wa mradi. Mpango huu ulienea katika miaka ya 1960 ndani ya kampuni za Marekani zilizotengeneza ndege na vyombo vya anga. Zilikuwa na miradi mingi kwa wakati mmoja, na mainjinia hawakutosha kugawanywa. Ni mpango mzuri pale ambapo wakubwa wawili wanapatana. Wasipopatana, fundi anasimama katikati, na mwananchi anapewa majibu mawili yasiyofanana.

Hakuna sura iliyo bora mahali pote. Swali ni hili: kwa nini kampuni ichague hii na si ile?

MAMBO YANAYOAMUA SURA YA MRADI

La kwanza ni ukubwa na muda. Kurekebisha madarasa mawili kwa miezi mitatu hakuhitaji ofisi mpya, na idara ya ujenzi itafanya. Kujenga bwawa la umeme kwa miaka kumi kunahitaji mradi wenye kichwa chake.

La pili ni upya wa kazi. Kazi ambayo kampuni imekwisha kuifanya mara mia inajulikana, na idara inaweza kuibeba. Kazi mpya huleta maswali kila siku. Hapo kampuni hukusanya mafundi wa namna mbalimbali chini ya mkubwa mmoja, ili wajibu pamoja na kwa haraka.

La tatu ni umbali. Ofisi ikiwa Kinshasa au Ulaya na kazi ikiwa Walikale, kungoja sahihi kwa kila mfuko wa saruji kutaua kazi. Kampuni yenye busara hupeleka mamlaka karibu na kazi. Lakini mara nyingi kampuni hupeleka kazi tu, na mamlaka huyabakiza mbali.

La nne ni usalama. Barabara ikiwa mbaya kwa sababu ya vita, kampuni kubwa haitaki kuweka watu wake. Inatoa kazi kwa kampuni ndogo, na hiyo inatoa sehemu kwa nyingine tena. Kila ngazi inakata sehemu yake, na kila ngazi inaongeza umbali kati ya mwananchi na mwenye kuamua. Mashirika ya misaada nayo hufanya hivyo yanapofanya kazi kupitia washirika wa mahali. Mara nyingine ni njia pekee ya kuwafikia watu. Lakini tujue kwamba kijana anayeandika majina kijijini anaweza kuwa ngazi ya nne au ya tano.

La tano ni mwenye pesa. Mkopeshaji au mfadhili anayetaka hesabu zake peke yake hulazimisha mradi uwe na akaunti yake na mkubwa wake. Wafadhili watatu wakitaka ripoti tatu, shirika moja hugeuka kuwa nyumba yenye milango mitatu. Ndiyo maana utaona shirika lilelile linagawa mbegu upande huu wa barabara na halina ruhusa ya kugawa upande ule. Si lazima iwe ubaguzi. Huenda mikataba ni miwili.

La sita ni sheria ya nchi. Sheria inaweza kulazimisha kampuni kuweka wananchi ndani ya mpango wake. Hili tutalirudia, kwa sababu hapo ndipo nguvu yenu ilipo.

MFANO WA INGA

Tuchukue mfano wa nchi yetu wenyewe. Bwawa la Inga I lilianza kutoa umeme mwaka 1972, na Inga II mwaka 1982. Kutoka Inga, katika jimbo linaloitwa leo Kongo Central, ulijengwa mstari wa umeme wa karibu kilomita 1700 mpaka Kolwezi, ili kulisha migodi ya shaba ya Katanga.

Tazameni yale mambo sita. Kazi ilikuwa kubwa sana, mpya na ya mbali. Pesa zilitoka katika mikopo ya nje. Kazi ya namna hiyo hupangwa na wenye mikopo, mainjinia na serikali kuu, na lengo huwa moja: umeme ufike migodini. Umeme ule ulichaguliwa uwe wa aina inayosafiri mbali bila kupotea sana. Lakini umeme wa aina hiyo hauwezi kukatwa njiani bila mtambo wa gharama kubwa wa kuubadilisha. Hivyo nyaya zilipita juu ya vijiji vingi na vijiji vikabaki gizani. Fundi hakukosea hesabu yake. Alijibu swali aliloulizwa. Mwanakijiji hakuwa mezani ili kuuliza swali lake. Nazo koo zilizotoa ardhi huko Inga zimedai fidia kwa miaka mingi, watoto wakiendeleza madai ya wazazi.

Mfano haukuishia hapo. Ulipofika wakati wa kupanga Inga 3, Benki ya Dunia ilikubali mwaka 2014 kutoa dola milioni 73.1 za kusaidia matayarisho. Mwezi wa Oktoba 2015 mradi ulipewa ofisi mpya, iliyowekwa chini ya urais wa Jamhuri. Mwezi wa Julai 2016 Benki ya Dunia ilisimamisha msaada wake, ikisema kwamba serikali imeupa mradi mwelekeo tofauti na ule waliokubaliana. Mto haukubadilika, wala mawe. Kilichobadilika ni nani anaamua na wapi, na hilo lilitosha kusimamisha pesa. Mwaka 2025 benki hiyo ilirudi na kukubali dola milioni 250 za awamu ya kwanza ya programu mpya, na safari hii maendeleo ya watu wa eneo la Inga yamewekwa ndani ya programu.

Somo tunalolichukua ni hili: mpango wa uongozi wa mradi ni msingi wa nyumba. Ukiwa umekaa vibaya, ukuta hautasimama hata saruji ikiwa nzuri.

SHERIA INAPOFUNGUA MLANGO

Sasa tuje kwa jambo la sita. Mwaka 2018 Kongo ilibadilisha sheria yake ya migodi. Kampuni yenye kibali cha kuchimba inatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Kwa kila dola 1000 za mauzo, ni dola 3. Inaonekana kidogo, lakini kwa mgodi mkubwa ni pesa nyingi.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba sheria haikusema kiasi tu. Ilisema pia pesa hizo zisimamiwe na chombo chenye wajumbe wa kampuni na wajumbe wa jamii za mahali. Tena kampuni inatakiwa kuandika mapatano na jamii hizo katika kile tunachokiita cahier des charges, yaani kitabu cha ahadi. Kabla ya hapo, idara moja ya kampuni iliweza kuamua peke yake: mwaka huu tutajenga zahanati, mwaka ujao tutatoa mipira. Sasa mwananchi ana kiti mezani kwa nguvu ya sheria.

Lakini kiti kitupu hakisemi. Katika eneo la mgodi wamo pia watu waliohama, waliokimbilia huko wakitafuta maisha. Kama wajumbe wote wanachaguliwa bila wao, chombo kilichoundwa kuleta haki kitaleta ugomvi mwingine. Na kama wahamaji wanapewa yote na wenyeji wanaangalia tu, ugomvi ni uleule.

Kwa upande wa misaada kuna mlango pia. Mapatano ya Umoja wa Afrika juu ya watu waliohama ndani ya nchi zao, yaliyopitishwa Kampala mwezi wa Oktoba 2009, yanasema kwamba watu hao waulizwe maoni na washirikishwe katika maamuzi juu ya ulinzi na msaada wao. Basi mtu anapowaambia kwamba kazi ya mhamaji ni kupokea tu, mnaweza kumjibu kwa heshima kwamba Afrika ilikwisha kukubaliana vingine.

PALE MPANGO UNAPOBADILIKA GHAFLA

Mwaka 2006 Kongo ilikuwa kati ya nchi za kwanza kupokea mpango wa klasta. Mashirika yaligawanywa kwa kazi: maji, afya, makao, chakula, ulinzi, na kila kazi ikapewa kiongozi wake. Sababu yake mnaijua. Mashirika yalikuwa mengi, kila moja na mradi wake wenye kichwa chake, na familia moja iliweza kupata sabuni mara tatu huku jirani yake hana blanketi. Klasta ni ile sura ya tatu: shirika lina mkubwa wake, na pia lina meza ya pamoja linalopaswa kuisikiliza.

Mwaka 2025 tuliona mambo mawili kwa pamoja. Mwezi wa Februari makambi yaliyozunguka Goma, kama Bulengo na Lushagala, yalivunjwa, na familia zikatawanyika. Na tangu Januari mwaka huohuo Marekani, ambayo mwaka 2024 ilitoa zaidi ya nusu ya pesa za msaada wa kibinadamu nchini mwetu, ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje.

Miradi mingi ilikuwa imepangwa kwa kufuata kambi: kamati ya kambi, orodha ya kambi, bomba la kambi. Kambi ilipoondoka, mpango nao ulipoteza miguu. Na pesa zilipokatwa, uamuzi ulitoka mbali sana, juu ya ngazi zote tulizozitaja. Lakini lawama ziliangukia wapi? Ziliangukia mwenye kamati, mama aliyeshika daftari la majina, kijana aliyekuwa akisoma orodha. Watu waliambiana, "Wamekula pesa yetu." Majirani waliokuwa wakigawana chumvi wakaacha kusalimiana. Hatusemi kwamba hakuna wala rushwa. Wako, na wafuatwe. Lakini mtu asiyeshika pesa hawezi kuhukumiwa kwa pesa asizozishika. Kumpiga mjumbe kwa ajili ya uamuzi wa bwana wake ni kuvunja amani bila kupata haki.

MASWALI SABA YA KUULIZA

Ndugu viongozi, mradi unapofika kwenu, msianze na swali "Mtatupa nini?" Anzeni na haya, na majibu yaandikwe katika daftari mbele ya watu wote:

1. Mwenye pesa ni nani, na mkataba unaisha mwezi gani?

2. Kati yenu na mwenye pesa kuna kampuni au mashirika mangapi?

3. Mkubwa wa mradi ni nani, na anakaa wapi?

4. Ninyi mlioko hapa mnaweza kuamua nini wenyewe? Kubadilisha orodha? Kuhamisha bomba? Au kupeleka habari tu?

5. Tukiwa na malalamiko, yanakwenda kwa nani, na jibu linarudi baada ya siku ngapi?

6. Wahamaji, wenyeji na wanawake wana viti wapi katika mpango huu?

7. Siku mtakapoondoka, nani atabaki na funguo, vyombo na karatasi?

Swali la nne ni zito kuliko yote. Mfanyakazi mwaminifu atawaambia, "Hilo siwezi kuliamua." Msimchukie. Mwulizeni, "Basi ni nani, na utamfikishia neno letu lini?" Hapo mmeacha kupigana na mlango, mmeanza kuutafuta ufunguo.

Nasi kwa mashirika na kampuni tuna neno. Msiwape wananchi kamati isiyo na uwezo wowote. Kamati ya kupiga makofi ni mbaya kuliko kukosa kamati, maana inabeba lawama bila kubeba mamlaka. Kama uamuzi wa nani apewe mbegu unaweza kufanywa kijijini, ufanywe kijijini. Na kama hauwezi, semeni wazi siku ya kwanza.

Mwisho, tuseme juu ya kamati zenu wenyewe. Yale tuliyosema juu ya kampuni yanawahusu ninyi pia. Kamati yenye watu 8 inayoshughulikia maji, ulinzi, shule na mazishi kwa pamoja itachoka. Kamati nne zisizokutana zitagombana. Angalieni ukubwa wa kazi, muda wake, umbali wa familia zilizotawanyika na usalama wa njia, kisha mpange. Familia zikirudi makwao au zikienda kuishi kwa wenyeji, kamati isingoje shirika liivunje. Ikutane, igawane upya kazi, iwaingize wenyeji, ikabidhi daftari la majina kwa mashahidi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vingi visivyojua nani anashika na nani anabana, navyo vitaumizana bure. Tujuane kazi zetu, tuulize kwa upole na kwa uthabiti, tusihukumiane kabla ya kujua nani aliamua.

 Amani iwe nanyi, na katika vijiji vyenu vyote, mlivyoviacha na mnavyoishi sasa.